Mgonjwa wa Kinoo

Norman Kuria aliuweka mfuko wa plastiki juu ya meza, na watu wote waliokuwa chumbani wakarudi nyuma isipokuwa yeye mwenyewe.

"Ni kitambaa cha kichwa cha mke wangu," alisema. "Juzi alianza kutokwa damu puani. Nikamwambia twende hospitali. Nilipoamka jana asubuhi, hayupo."

Ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na tisa Oktoba, mwaka wa 2000. Tangu Jumamosi redio zilikuwa zikitaja Ebola ya Gulu, Uganda, kila saa: wangapi wamekufa, wauguzi wangapi wameambukizwa, nani anapimwa mpakani Busia na Malaba. Asubuhi hiyo Inspekta Kaloki alipopanda ngazi za ofisi ya upelelezi, alimkuta karani akipangusa vitasa vya milango kwa dawa ya Jik.

"Jina la mkeo?"

"Debra Wahu. Miaka thelathini na minne. Anauza vitenge, huvinunua Kampala. Safari hii alifika mpaka Gulu kwa mteja wake." Kuria alizungumza polepole, kama mtu aliyezoea kusikilizwa. Alikuwa meneja wa kampuni ya bima, mkazi wa Muthangari, na suti yake ya kijivu ilikuwa imepigwa pasi vizuri. "Alirudi Jumapili kwa basi. Homa ikamshika Jumatatu."

"Nani alimpokea?"

"Mimi mwenyewe. Nilimbebea mizigo." Akatoa tiketi ya basi mfukoni. Kona yenye tarehe ilikuwa imechanika.

Bwana Zedekiah, mkuu wa Kaloki, alikuwa amesimama dirishani, mbali na ule mfuko. "Namtaka kabla ya jioni," alisema. "Magazeti yakiipata hii kabla yetu, kesho hakuna mtu atakayepanda gari mji huu."

Rael, afisa wa afya ya umma aliyetumwa kuandamana na Kaloki, alikuwa amesimama karibu na mlango. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, na miguuni pake palikuwa na sanduku la glavu na barakoa.

"Na wewe, Bwana Kuria, unajisikiaje?" aliuliza.

"Mimi?" Kuria alimtazama kana kwamba swali lilikuwa la mtu mwingine. "Mimi niko sawa." Akaufungua mfuko, akakitoa kile kitambaa kwa vidole vyake na kukikunjua mezani ili waone ukubwa wa doa. Kisha akajifuta kwa leso, akairudisha leso mfukoni.

Walimwacha pale ofisini kwa Zedekiah. Kwenye Land Rover, Koplo Mbithi akiendesha, Rael alisema, "Umeona ameshika hiyo kitu na mikono mitupu?"

"Watu wengi hawajaelewa huu ugonjwa, Madam."

"Huyu ni mtu wa bima. Kazi yake ni kujua nini kinaua watu."

Kaloki alikuwa akisoma namba ya tiketi: 08816.

Nje ya ofisi ya mabasi ya Kampala, karibu na River Road, watu walikuwa wamejazana wakitazama utingo wawili wakiosha basi. Walikuwa wamejifunga shuka usoni, na maji ya dawa yalitiririka barabarani, watu wakiyaruka. Mama mmoja aliyeuza mahindi ya kuchoma alikuwa amehamisha jiko lake upande wa pili wa barabara. Ndani, stima ilikuwa imekatika kwa mgao. Karani, Abdulfatah, kijana wa Mombasa mwenye kofia ya kufuma, alikuwa akifanya kazi kando ya mlango apate mwanga.

Alilipitia daftari la abiria wa Jumapili kwa kidole, jina baada ya jina.

"Hakuna Debra hapa, bwana Inspekta. Wala Wahu. Wala Kuria."

"Huenda alitumia jina jingine."

"Huenda." Abdulfatah aliipokea tiketi, akaisogeza mwangani. "Lakini hii namba yanitatiza. Tiketi za mwezi huu zote zaanzia elfu kumi na moja. Ngoja nitazame nakala za zamani. Ziko stoo, na stoo ni kiza. Nipe muda nitafute kwa tochi."

"Muda hatuna."

"Basi niachie namba ya simu. Nikiipata tu, nitapiga."

Kaloki alimpa namba ya duka la Khamisa, Biashara Street. Kwa maelezo ya Kuria, Khamisa ndiye rafiki pekee wa mkewe mjini. Jana Kuria alikuwa amekwenda kumuuliza, naye akamfungia mlango.

Duka lilikuwa jembamba, kanga na vitenge vimepangwa hadi darini. Khamisa alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini hivi, buibui begani, miwani imening'inia kwa kamba. Aliposikia jina la Wahu aliendelea kukunja kanga.

"Simjui alipo."

"Mama, si mambo ya mchezo," alisema Kaloki. "Ni Ebola. Ulimwona lini?"

"Jana. Alipita kuniaga. Aenda Mombasa, kwa treni ya jioni."

"Ulimwona akipanda?"

"Mimi n'na duka, mwanangu. Sisindikizi watu stesheni."

"Alikuwa na mzigo gani?"

"Mkoba."

"Wa rangi gani?"

Mikono ya Khamisa ilisita kidogo juu ya kanga. "Mweusi."

Rael alisogea. "Mama, ulimgusa?"

"Nilimgusa, ndiyo. Nilimwosha uso kwa mikono yangu hii."

"Na huogopi?"

"Niogope nini?" Khamisa aliuliza, kisha akafunga mdomo ghafla, kama mtu aliyeona amesema zaidi ya alivyokusudia.

Kaloki hakumbana kwa maswali. Macho yake yalikuwa yameshatua mwisho wa kaunta. Palikuwa na kifurushi cha karatasi ya kaki kilichofungwa kwa uzi, na juu yake maandishi ya kalamu nene: *Mama Haron, fundi wa nguo, nyuma ya soko, Kinoo.* Pembeni mwa karatasi iliyotoboka ulichungulia mfuko wa duka la dawa. Fundi wa nguo hatumiwi dawa na muuza vitenge, isipokuwa kama kuna mtu mwingine nyumbani kwake.

Alitoka bila kuaga. Kwenye Land Rover alichukua kipaza sauti cha redio.

"Mgonjwa yuko Kinoo," alisema. "Nyumbani kwa Mama Haron, fundi wa nguo, nyuma ya soko. Tunaondoka sasa hivi."

"Safi kabisa!" Sauti ya Zedekiah ilijaa gari zima. "Mumewe yuko hapa hapa na mimi. Maskini, hajakunywa hata chai."

Saa ya Kaloki ilionyesha saa saba na dakika kumi. Aliporudi dukani, Rael alikuwa amekifungua kifurushi. Mezani palikuwa na vidonge vya maumivu, kanga mpya na mabunda manne ya bendeji, yote mapana kama kiganja.

"Inspekta, njoo uone," Rael alisema. "Mtu wa homa humpelekei bendeji kama hizi. Hizi ni za kufunga mbavu."

Walimgeukia Khamisa, na ikachukua karibu nusu saa kabla hajakubali kusema. Alikuwa ameketi, na kanga aliyokuwa akiikunja ilikuwa imeanguka.

"Alikuja jana alfajiri, nafungua duka," alisema. "Jicho limefumba, pua imevimba, kuinuka hawezi kuketi hawezi. Homa hana. Gulu hajaiona kwa macho yake, wallahi! Huu mwezi mzima hakutoka Nairobi. Kamuulizeni mumewe hiyo damu yatoka wapi."

"Mbona hukutuambia mara moja?"

"Niwaambie nyinyi?" Khamisa alimtazama Kaloki usoni kwa mara ya kwanza. "Mwezi wa nane alikwenda polisi mwenyewe, kwa miguu yake. Akaambiwa ni mambo ya nyumbani, arudi kwa mumewe. Polisi hawamtafuti mke aliyekimbia kipigo. Lakini mwenye Ebola, mwamtafuta nchi nzima."

Simu ya kaunta ililia. Khamisa aliisikiliza, akamkabidhi Kaloki.

"Nimeipata," Abdulfatah alisema, akihema. "Tiketi yako ni ya tarehe tano Agosti. Debra Wahu, kiti ishirini na mbili, Kampala kuja Nairobi. Tangu hapo hana safari na sisi, kwenda wala kurudi."

Kaloki aliweka simu chini. Siku sabini na tano. Kuria alisema amempokea kwenye basi Jumapili, akambebea mizigo. Aliichana kona ya tarehe kwa mkono wake. Alikishika kitambaa chenye damu bila kuogopa kwa sababu aliijua damu hiyo ilivyotoka. Na nusu saa iliyopita alikuwa ameketi mbele ya redio ya polisi.

Alikimbilia garini.

"Mshikilieni Kuria hapo hapo!" alipaza sauti kwenye redio. "Asitoke!"

"Ameshatoka," Zedekiah alijibu. "Ana gari lake. Kuna nini?"

Mbithi alikuwa ameshawasha injini.

Waiyaki Way ilikuwa na malori mengi, na Mbithi aliyapita kwa kushoto na kulia, taa zikiwaka. Westlands, Kangemi, Uthiru. Rael alishikilia sanduku lake magotini. Walipofika Kinoo hawakuhitaji kuuliza njia. Wauzaji wa soko walikuwa wameacha viazi na kabichi bila mtu, na watu wote walikuwa wakitazama upande mmoja.

Umati ulikuwa umesimama nusu duara, hatua thelathini hivi kutoka kwenye nyumba ya mabati yenye ua wa michongoma. Hakuna aliyethubutu kusogea zaidi. Kutoka hapo walipokuwa, vijana walikuwa wakirusha mawe juu ya paa, na kila jiwe likipiga bati, watoto walipiga kelele.

"Mtoe nje!"

"Akitoka ataambukiza kila mtu! Afadhali mchome hiyo nyumba!"

Mwanamume mmoja alikuwa na mtungi wa mafuta ya taa. Mlangoni alisimama mwanamke mrefu mwembamba, tepu ya kupimia nguo bado ikiwa shingoni, jembe mikononi. Huyo alikuwa Mama Haron. Na katikati, kati ya umati na mlango, alikuwa Norman Kuria. Koti amelivua, mikono ameinua kama mhubiri.

"Wazazi wangu, ndugu zangu, tulieni!" alikuwa akisema. "Ni mke wangu. Mzigo ni wangu. Niacheni niingie nimchukue, nimpeleke hospitali mimi mwenyewe. Nyinyi msijihatarishe."

"Huyo ni mwanamume!" mzee mmoja alisema. Watu wakampigia makofi.

"Usiguse mlango wangu!" Mama Haron alimwinulia jembe. "Huyu dada hana ugonjwa! Ni huyu amempiga!"

"Unamficha kwa sababu anakulipa!" mtu alipiga kelele, na jiwe likapita karibu na kichwa cha Mama Haron.

Kaloki alipima hali. Polisi wawili, bunduki moja, watu mia mbili. Akiwaambia kwamba mwanamke hana ugonjwa, watasema naye amehongwa. Mama Haron alikuwa amewaambia ukweli, na walimjibu kwa mawe. Alimgeukia Rael, akamwambia jambo sikioni. Rael alimtazama.

"Wanaweza kumuua," alinong'ona.

"Nitasimama naye karibu."

Rael alifungua sanduku. Alivaa koti jeupe, barakoa, kisha glavu, jozi mbili moja juu ya nyingine, akichukua muda wake. Kelele zilipungua zenyewe. Alipoanza kutembea kuelekea kwa Kuria, watu walimpisha njia pana kuliko ya lori.

"Wewe ndiye mume?" aliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni.

"Ndiyo, daktari." Uso wa Kuria ulichangamka. "Nisaidie nimtoe."

"Ulilala naye nyumba moja baada ya homa kuanza?"

"Ndiyo."

"Kitanda kimoja?"

Kuria alisita. "Ndiyo."

"Damu yake uliigusa?"

"Mimi... nilimfuta tu."

"Kwa mkono?"

"Asubuhi alikuja ofisini na kitambaa cha damu," Kaloki alisema kwa sauti. "Alikikunjua mezani kwa vidole. Leso aliyojifutia iko mfukoni mwake sasa hivi."

Rael alirudi hatua moja nyuma. "Basi wewe ndiye wa kwanza kwenye orodha yangu. Siku ishirini na moja chumba cha pekee, na nguo zako zote zichomwe. Na kila mtu aliyekugusa leo nitamwandika jina."

Mwanamume mwenye mtungi aliuangusha. "Mimi nimemsalimia huyu! Pale steji ya matatu, akituambia mkewe ana Ebola, amenishika mkono!"

"Hata mimi!"

"Aliniegemea begani akiniuliza njia!"

Umati ulirudi nyuma kama maji, na mara Kuria akajikuta peke yake kwenye uwanja mtupu. Waliokuwa wakilenga paa waligeuka. Jiwe la kwanza lilitua miguuni pake. La pili lilimpiga pajani.

"Ngojeni!" alipiga kelele. "Daktari, waambie! Mimi siumwi!"

"Sijui bado kama huumwi."

"Mtungi uko wapi?" sauti ilisema nyuma.

Kaloki alisogea akasimama ubavuni mwa Kuria. Jiwe lilimpita sikioni. Kwa muda mfupi alidhani amekosea hesabu, na kwamba wote wawili watafia pale. "Sema, Bwana Kuria," alisema polepole. "Ni wewe tu unayeweza kuwaambia."

"Hana Ebola!" Sauti ya Kuria ilipasuka. "Hana! Hajaenda Gulu! Hakuna ugonjwa!"

"Unajuaje?"

"Najua!"

"Damu ilitoka wapi?"

"Nilimpiga!" Alijifunika kichwa kwa mikono. "Nilimpiga ngumi, ndiyo, pua ikatoka damu. Ni hivyo tu! Ni mambo yangu na mke wangu! Hakuna mtu anaumwa hapa!"

Hakuna jiwe lililofuata. Kaloki alitoa daftari, akaandika maneno hayo jinsi yalivyosemwa na saa yalipotamkwa. Kisha akamfunga pingu Norman Kuria kwa kosa la kumjeruhi mkewe na kutoa habari za uongo kwa polisi. Yule mzee aliyemsifu alitema mate chini, akaondoka.

Rael alivua barakoa na glavu, akaingia ndani. Alitoka amemshika kiuno mwanamke aliyejifunga kanga kifuani, jicho moja limefumba, anatembea kama anayebeba kitu cha kuvunjika. Rael alikuwa amemshika kwa mikono mitupu, na kila mtu aliona. Hata hivyo watu walijifunika pua walipokuwa wakipita. Kabla Land Rover haijageuka, Kaloki aliona vijana wakikokota godoro kutoka nyumbani kwa Mama Haron, wakilisukuma kwa vijiti ili wasiliguse. Mama Haron aliwafuata akiwatukana. Godoro liliwaka vizuri. Baadaye Mama Haron alimwambia Kaloki kwamba walichoma pia nguo za wateja zilizokuwa zikisubiri vifungo.

Hospitalini daktari alihesabu mbavu mbili zilizopata ufa. Joto la mwili lilikuwa la kawaida. Aliijaza fomu ya P3, ile ya polisi ya majeraha, kwa mwandiko wa haraka, akapiga muhuri, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Zedekiah alipiga simu mara mbili kuuliza kama ni hakika hakuna Ebola. Alipohakikishiwa alishukuru Mungu, kisha akasema hilo jingine, la kipigo, lingeweza kusubiri Jumatatu.

"Haliwezi, Mkubwa," Kaloki alisema. "Nipo na mlalamishi, naandika."

Wahu alikuwa ameketi kwenye benchi la ukutani, mgongo wima kwa sababu ya bendeji. Rael aliketi karibu naye na kikombe cha chai kisichonywewa. Wahu alisimulia bila kulia: Jumanne, chakula kilichopoa, ngumi ya kwanza, alivyoanguka kwenye kona ya meza. Mwezi wa nane, na askari aliyemcheka. Kaloki aliandika kila kitu kwa mfululizo wake, akimsomea kila ukurasa.

"Kuna kitu sijaelewa," Wahu alisema. "Alijuaje niko Kinoo? Khamisa hawezi kusema."

"Khamisa hakusema."

"Mama Haron hana simu. Na Norman hajawahi kufika kwake."

Kalamu ilisimama. Rael aliinua macho kutoka kwenye chai.

"Ni mimi," Kaloki alisema. "Niliisoma anwani kwenye kifurushi chako, nikaitaja kwa redio kabla sijauliza kilichomo ndani. Yeye alikuwa ofisini kwetu, anasikiliza."

Wahu alimtazama kwa jicho lake moja. Muuguzi alipita na kitoroli, magurudumu yakilia, na bado alikuwa akimtazama.

"Umeandika hiyo?"

"Bado."

"Iandike."

Kaloki alifungua ukurasa mpya. Aliandika kwamba saa saba na dakika kumi, akiwa Biashara Street, yeye Inspekta Kaloki alitangaza kwa redio mahali alipojificha mlalamishi, na kwamba kwa tangazo hilo mshtakiwa alimfikia. Alimsomea kwa sauti, neno kwa neno. Wahu alisikiliza mpaka mwisho, akachukua kalamu mkononi mwa Kaloki, akatia sahihi chini ya jina lake mwenyewe.